Mkono Usio na wa Kuushika

Mjukuu wangu Athieno,

Hapa Mulanda tu wazima, mtama tumeshavuna, na mama yako anakusalimu. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umelemazwa na kiharusi, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Umeuliza kwa nini yule daktari wa mazoezi, anayeniona kwa simu ya video akiwa Tororo, anasema sipati nafuu.

Baba yangu naye alipatwa na kiharusi, nikiwa nimemwoa bibi yako juzijuzi tu. Bibi yako aliona vidole vya mzee vinajikunja, akaleta maji ya moto ili avinyooshe. Nilimfokea mbele ya watu: mke wa mwana hamgusi baba mkwe! Mimi mwenyewe sikuvishika hata siku moja. Tulimzika mzee na ngumi yake imejikunja.

Mama yako alipoolewa hapa, mwiko huo nilimfundisha mimi.

Sasa daktari anasema kwenye simu, "Aliye karibu amwinue mkono." Bibi yako tulishamzika, na baba yako yuko na lori mpakani Busia wiki nzima. Aliye karibu ni mama yako, na yeye huniwekea simu kwenye kigoda, kisha anarudi kusimama mlangoni.

Jana nilimwambia, "Mwanangu, njoo unishike. Nimekuruhusu."

Akainamisha kichwa. "Baba, siwezi. Ulinifundisha vizuri."

Hakuna aliyesogea mpaka daktari akauliza kama mtandao umekatika.

Haukukatika, Athieno. Alikuwa anatuona wote wawili.

Babu yako