Majembe ya Baba Mpakani

Akheri, Tengeru,
Arusha.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Sadoki,

Shikamoo. Habari za Chunya na vumbi lake? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii ya Juni. Hata hivyo ibada hakosi, na kwaya ikikosea wimbo anaisema mpaka tunafika nyumbani.

Ningekupigia, lakini wewe ukikasirika unakata simu. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kwa kununa.

Mashine yako ya kutafutia chuma ilifika salama kwa basi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Najua wewe Jumamosi unazunguka nayo vichakani kusaka dhahabu kwa kujifurahisha. Mimi sikuwa na nafasi ya kujifurahisha.

Unakumbuka alichotuambia Baba kabla hajatutoka: yeye na Baba Mkubwa walipogawana shamba, walifukia majembe mabovu matatu chini ya mimea ya masale iliyopandwa mpakani. Mafundi wa msingi wa nyumba yako waliyang'oa yale masale, wakayapanda upya kwa kukadiria. Tangu hapo Elisaria, mtoto wa Baba Mkubwa, anasema tumemega shamba lake, na sisi tunasema ni mwongo. Baraza la kata limetuita mwisho wa mwezi huu. Nilitaka kufika pale na ushahidi.

Siku ya kwanza ningekuaibisha. Mashine ililia kila nilipoielekeza, nikadhani tunalima juu ya chuma kitupu. Kumbe Mama ananifuata nyuma na mundu mkononi, na mimi nina panga kiunoni. Huku kwetu nani anaingia migombani mikono mitupu? Tukaviweka mbali. Bado ikawa inanung'unika, maana udongo huu wa mlimani wenyewe una chuma. Nikafanya ulivyoandika, nikawa naiinua na kuishusha ile sahani ya chini huku napunguza ukali, mpaka ikanyamaza.

Kisha nilifunga kamba za katani kutoka mgomba hadi mgomba, nikapata vichochoro vyembamba. Nikapitisha sahani polepole, karibu iguse majani, kila mpitisho ukilalia kidogo ule uliotangulia. Wewe unanijua nilivyo na pupa, lakini haraka haraka haina baraka. Ikilia, naipitisha tena kwa kukatiza, na pale sauti zinapokutana ndipo nachimba. Udongo nakata pande tatu, naufunua kama kifuniko, nikimaliza naurudishia na kuukanyaga, ili mizizi ya kahawa isikauke. Nilipata vifuniko vya soda nusu ndoo, misumari, na mkono wa sufuria ambao Mama ameutambua.

Siku ya nne ililia sauti nzito, isiyokatika, hata nikiipitisha upande wowote. Nilichimba mpaka kiwiko kikazama. Lilikuwa jembe, limeliwa na kutu. Hatua ishirini kuelekea juu nikapata la pili, na karibu na mfereji la tatu. Nilivuta kamba moja kupita yote matatu.

Kaka, kamba imepita ndani ya msingi wako. Pembe yote ya chini, hatua mbili nzima, iko kwa Elisaria. Alikuwa anasema kweli.

Tulikuwa mimi na Mama tu. Nilimtazama, naye akatazama shimo, akasema, "Fukia, mwanangu." Nilishika jembe langu na sikuweza. Nakwambia ukweli, nililia. Mama akakaa chini kwenye majani makavu. Halafu akainuka na magoti yake yale, akachuma jani la isale, akaenda nalo kwa Elisaria. Unajua kwetu aliyeletewa isale kuombwa msamaha hawezi kukataa, lakini pia anayelipeleka amekwisha kukiri kosa.

Elisaria alikuja kuona. Alipiga magoti kwenye kila shimo, akagusa kila jembe. Kisha akamwambia Mama, "Mama mdogo, mngefukia nisingejua kamwe."

Anasema msingi hatauvunja. Kule juu karibu na mfereji umpe hatua mbili, naye akuachie hiyo pembe, na barazani tutakwenda pamoja kufuta shauri. Ila ana sharti moja, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga. Hataki nimjibu mimi, wala Mama. Anataka wewe, uliyemwita mwizi mbele ya kanisa zima, umpigie mwenyewe. Namba yake ni ile ile, na amenionyesha kuwa yako hajaifuta.

Mama anakusalimu. Shangazi Anyesi na Emmanuel wake pia wanakusalimu. Nisalimie wifi na unibusie watoto. Mungu akulainishe moyo na akulindie nyumba ambayo bado hujaijenga.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Vaileth