Rivolva ya Mwakio na Maji ya Baraka

Ijumaa, alasiri. Al-Hamra, Jeddah.

Leo hewa ni nzito kama blanketi lililoloa. Kule Riyadh jua linakuchoma mara moja linakuacha, hapa Jeddah linakutokosa polepole na jasho halikauki. Wenye nyumba wamelala baada ya chakula. Mimi niko jikoni na simu mkononi.

Salamu kwanza, maana sikufundishwa kuingia kwa watu bila hodi.

Nawasalimu nyote wa Voi. Baba Mwakio, mume wangu, nakusalimu, na huo mguu wako nausalimu pia, umeacha kuuma? Mama mkwe wangu, shikamoo, maombi yako yananifikia. Mghoi, kitinda mimba wangu, nakusalimu wewe unayewasomea wengine ukurasa huu wa mtandaoni, soma polepole usiruke. Grace, mke wa mwanangu, nakusalimu mara mbili kwa kuwa wewe ndiwe unayekaa na mtoto. Mkawasi, mjukuu wangu, bibi anakubusu hapo kwenye pengo. Na Mwakio, mwanangu wa kwanza, nakusalimu mwisho kwa sababu maneno yote yaliyobaki ni yako.

Kwa msomaji asiyetujua: Mwakio hununua mawe ya thamani kwa wachimbaji, yale ya kijani, anayapeleka Mombasa kuuza. Mwaka juzi walimvamia njiani wakampasua kichwa. Alipopona akaomba leseni, akapewa, akanunua bastola.

Sasa kuna maneno. Wenye leseni wanaambizana kwamba huenda serikali ikazuia raia kukaa na bastola za magazini, zile za kibweta cha risasi, zinazojipakia zenyewe. Hakuna aliyeona amri yoyote. Ni maneno tu. Lakini Mwakio ni mtu wa kuanua nguo wingu likiwa bado liko mlimani.

Akanitumia sauti: "Mama, sikiza. Nataka nibadilishe nichukue rivolva ya kigurudumu. Si rivolva yoyote, ni ile inayokula risasi za bastola, hizi hizi nilizo nazo. Wakizuia bastola, hizi risasi nitazifanya nini? Nizikaange na vitunguu?"

Akaleta na picha za rivolva tatu, eti nichague. Mimi wa darasa la nne! Nikamwambia chukua ile ndogo, angalau haitakuwa na kelele nyingi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hii si redio! Ile ndogo ndiyo inayopiga kelele kushinda zote."

Najua kwa nini alinipa mimi nichague. Kwetu mtoto haingizi kitu kizito nyumbani kabla mama hajakitasia. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza, unasema neno la heri. Mchungaji wetu hapendi, lakini na yeye gari lake lilitasiwa na mama yake, tulimwona. Pikipiki ya kwanza ya Mwakio niliitasia mimi. Hata ile bastola aliitakia baraka, nikajifanya simu haisikiki.

Safari hii sikuweza kujifanya.

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Nyumbani kwa Baba, bosi wangu kule Riyadh, kulikuwa na bastola. Siku moja alirudi nayo kutoka shamba lake la jangwani. Akaichomoa ile magazini ya risasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, bastola akaiweka mezani sebuleni, akaenda kuoga. Mimi nilikuwa jikoni nachota mchele kwenye gunia. Lulu akaja. Lulu ni binti yao, rika moja na Mkawasi, nimemlea tangu hajatambaa. Kaishika kwa mikono miwili.

"Shufi, Mama Mwakio," akaniambia. Nitazame.

Sikumbuki mlio. Watu wananiuliza wakidhani mlio ndio unaonifuata. Nakumbuka nikimpapasa yule mtoto kichwa, kifua, tumbo, mgongo, natafuta tundu. Hakuwa nalo. Tundu lilikuwa kwenye gunia, na mchele ulikuwa unamwagika sakafuni, taratibu, kama mtu anayenong'ona.

Baba akaja mbio, maji yanamchuruzika. Akakaa chini palepale kwenye mchele. Akaenda akaileta ile magazini, akanionyesha, kama mimi ndiye hakimu. "Wallahi ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu, wallahi."

Haikuwa tupu. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya bastola, mahali ambapo jicho halifiki.

Baada ya hapo Madam, mke wa Baba, akamchukua Lulu akaja naye hapa Jeddah kwa mama yake, na mimi nikaja nao. Lulu amesahau, au anajua kunificha. Mimi mchele unanifuata. Nikiumimina sufuriani lazima nisimame kwanza nipumue. Kuna siku napita kwenye korido nausikia ukimwagika, naenda kutazama, nakuta gunia limefungwa na kamba yake.

Kwa hiyo nilimjibu Mwakio hivi: kama ni lazima, basi iwe hiyo inayofunguka.

Maana alinionyesha kwenye video. Kile kigurudumu cha rivolva kinatoka pembeni, kina matundu sita, ukiinyanyua unaona upande wa pili. Tupu ni tupu. Hakuna mahali pa kujificha. Yeye anachagua kwa ajili ya serikali na risasi alizo nazo. Mimi nachagua kwa ajili ya hayo matundu.

Akanieleza na jambo jingine nikalipenda. Risasi za bastola hazina ule ukingo wa nyuma ambao rivolva inaushika ili kuzitoa. Kwa hiyo unazibana zote sita kwenye kibati chembamba cha chuma, mfano wa nyota. Inaingia nyota nzima, inatoka nyota nzima. Zote pamoja, kama kuku na vifaranga vyake.

"Na bila nyota?" nikamuuliza.

"Inaingia tu, mama. Ila kuitoa, inakwama humo mpaka uichokoe na kijiti. Siku moja nitajaribu nione."

"Usijaribu."

"Sawa, Afande Mama."

Nikampa sharti. Akifika nyumbani, nyota na risasi zake ziingie kwenye sanduku la bati la nyanya yake, na ufunguo akae nao Grace. Nikamwambia: fanya hivyo, nami nitaitasia. Akasema ndiyo. Akasema nimekuwa mkali kuliko watu wa leseni. Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Jana akaenda Mombasa akaichukua.

Picha aliituma asubuhi nikiwa kwenye vyombo na mapazia ya Madam, sikuiona. Nimeiona sasa hivi. Ameinyanyua kwa mkono, imefunguliwa, juu ya meza yetu ya Voi. Nimekitambua kitambaa cha meza, kile cha njano nilichonunua soko la Batha kule Riyadh nikakituma na mizigo. Pembeni kuna kikombe cha uji cha Mkawasi. Chini ameandika: "Mama, ndiyo hii. Tupu kabisa. Itasie."

Nikachukua maji mdomoni. Nilitaka kupulizia simu, Mungu anisamehe, sina kingine cha kupulizia huku ugenini. Nikaileta karibu nione vizuri kile ninachokibariki.

Tundu la kwanza, njano ya kitambaa changu. La pili, njano. La tatu, la nne, la tano, njano.

La sita jeusi.

Maji nimeyameza.

Nimeikuza picha mpaka imekuwa vumbi tupu. Huenda ni kidole chake upande wa pili. Huenda ni kivuli. Au ni risasi aliyoijaribu bila nyota, ikakwama. Mwakio si mjinga, atakuwa amechungulia. Na Baba wa Riyadh naye hakuwa mjinga.

Nikampigia. Hapatikani. Ameingia kule kwa wachimbaji ambako mtandao ni mpaka upande juu ya kichuguu. Ndipo nikaona chini ya picha kuna ujumbe wa pili, mfupi: "Leo nimeiacha nyumbani. Sitaibeba mpaka uitasie."

Mwanangu. Umeshika mila ya mama yako barabara, na sasa hicho kitu kiko ndani ya nyumba kwa sababu ya mdomo wangu.

Simu ya Grace inaita haipokelewi. Najua mahali anapoiacha, dirishani, akienda kuchota maji. Baba Mwakio simu yake ni ya kusikilizia redio tu. Nimetuma ujumbe kwa kila mmoja wenu. Nimeandika na hapa kwa kuwa Mghoi huwa anafungua ukurasa huu kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kunawa uso.

Mghoi, acha kusoma kwa sauti. Mchukue Mkawasi, mtoe nje, mpeleke kwa jirani, mpe chochote anachotaka, hata soda. Wewe Grace, usikiguse. Usikifunge, usikifungue, usikifute vumbi. Funga mlango wa chumba na ufunguo uutie kifuani mpaka Mwakio arudi. Akirudi, akichungulie yeye mwenyewe mchana, akiwa peke yake, mdomo wa hicho kitu ukiangalia ukuta. Kama kuna cha kuchokoa na kijiti, akakichokoe nje.

Mkikuta ni kidole, mnicheke. Mnicheke mwaka mzima, mniite Afande, mliambie na kanisa lote. Nitafurahi. Nitachukua maji mengine nitaitasia vizuri, na meno yangu yote nje.

Lakini msinyamaze. Mkishamtoa mtoto, nitumieni sauti yake, aseme neno lolote, aimbe, alie, anitukane.

Lulu ameamka, anauliza kwa nini sijaanza kupika cha jioni. Nimemwambia nakuja. Sijainuka. Nimelikalia gunia la mchele, limefungwa kwa kamba mara mbili, nimelikalia na uzito wangu wote, na bado nausikia ukimwagika.

Nijibuni upesi.