Mvua ya Bahari Iliyoangukia Chemba

Dodoma Mjini,
Jumapili, mchana wa upepo.

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na yule jogoo anayeniiga maringo bado yupo? Mumeo huku ni mzima, nimenenepa, na shati langu la mitumba linafanya watu waniite bosi kabla hawajanituma chai.

Hadija akusomee barua hii kabla hujashika jembe. Yale maneno niliyomtuma konda wa basi, kwamba mvua ya mwaka huu ni kubwa, upande mahindi shamba zima na uwele uuache kibuyuni, nayafuta.

Ilikuwa hivi. Siku hizi za biashara huria hata ofisi yetu ya hali ya hewa imepata kompyuta. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi, kwa hiyo nusu ni yangu. Dada Zuhura, mtaalamu wetu, huiingizia namba za mvua inayotazamiwa dunia nzima, kila mraba wa dunia na namba yake, nayo huchora ramani. Wiki iliyopita ramani ikatoka, Chemba yetu imezama ndani ya buluu. Nilisimama na birika mkononi, nikaota. Mawimbi yanapita taratibu juu ya mbuga, mbuzi wako wanaogelea, wewe umekaa juu ya tembe unavua samaki, na wavuvi wa bwawa la Bahi wanakuja kujifunza kwako. Nikatoka mbio hadi stendi kumtafuta konda.

Juzi ndipo nikaitazama vizuri. Sahara nayo buluu! Bahari kuu, kavu kama uwanja wa mnada.

"Dada, jangwani wameanza kulima mpunga?"

"Wewe uliyeishia darasa la tano, peleka vikombe."

Lakini akainama kutazama. "Mungu wangu! Nimekosea kwa nusu ya dunia."

Kumbe zile namba huanza kuhesabiwa kwenye mstari unaopita Uingereza, zikienda mashariki mpaka zizunguke dunia yote. Ramani yetu inaanzia katikati ya bahari kuu. Yeye alizipanga tangu ukingo wa karatasi, kila mahali pakapata mvua ya upande wa pili wa dunia. Chemba ikapewa ya bahari, ambako hakuna hata wa kuvuna.

Akazikata katikati, nusu ya kulia akaihamishia kushoto. Ikakaa sawa, ila ufa mweupe ukabaki pale mwanzo na mwisho vilipokutana. Hapo ndipo mumeo aling'ara! Nikamwambia, "Bibi yangu akizungusha ukingo wa ungo, ncha ya mwisho huilaza juu ya ile ya kwanza. Rudia safu ya kwanza kule mwishoni." Akarudia. Ufa ukapotea. Sasa ananiita fundi, akiwa na furaha.

Na Chemba? Rangi ya mchanga, Bibi. Mvua chache, kama tulivyozoea. Bahari imerudi kwao, ingawa nikitembea na vumbi hili usoni bado nayasikia mawimbi yake juu ya shamba letu.

Nisalimie mama mdogo wa vitumbua, na mjomba mchunga ng'ombe. Hadija naye asiruke mstari, namjua.

Bibi, miaka yote nikisema jambo unanicheka, kisha unafanya lako, nami nanuna. Safari hii nakuomba sana, uwe umenicheka.

Mumeo asiye na mvua,
Shabani