Nilitumwa kuhamisha intaneti, nikaikata

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu tu, naomba unisaidie maana nimeshikwa pabaya na binti yangu bado hajui.

Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, huu mwaka wa kumi na saba, shule niliishia darasa la nne, kusoma najua lakini polepole, herufi moja moja kama mtu anayechagua mchele, na jambo hili nimelificha maisha yangu yote, kila nikipewa karatasi nasema nimesahau miwani nyumbani, na watu ni wema, wananisomea, wananijazia, mimi naweka sahihi. Ukweli ni kwamba miwani sijawahi kuwa nayo, macho yangu ni mazima, uzi kwenye sindano naupitisha mara moja.

Sasa binti yangu, ninaye huyo mmoja tu, mchana anauza kwenye duka la dawa na jioni anasomea ufamasia kwa kompyuta, akanihurumia, alipopata mshahara wake wa kwanza akaninunulia miwani yenye kamba ya kuning'iniza shingoni, akaniambia, "Mama, sasa hutaisahau tena." Nikalia, akadhani ni furaha. Nikiivaa naona ukungu mtupu, lakini naivaa.

Mwezi jana mwenye nyumba alitaka vyumba vyake, tukapata vingine mtaa wa tatu kutoka pale. Intaneti tulikuwa nayo kwa mkataba wa miaka miwili, aliniuzia kijana mmoja mlangoni, nilisaini pale alipoweka kidole, na ilikuwa imebaki miezi kumi na moja. Binti akasema nisihangaike na vyombo wala vitanda, kazi yangu iwe moja tu, niende ofisini kwao niwaambie tunahama na laini ituhamie. Nikaenda. Dada wa dirishani akanipa fomu, mdomo ukataka kusema nimesahau miwani, kumbe hiyo hapo kifuani na dada anaitazama. Nikaivaa, ukungu ukashuka, nikaona visanduku viwili vya kuweka alama, nikaweka kwenye cha juu, nikijua cha juu ndicho hutangulia. Akaniuliza, "Una hakika, mama?" Nikamjibu, "Nina hakika kabisa, mwanangu," na mshauri nisikufiche, nilitoka pale natembea kama mwenye diploma.

Siku ya kuhama kile kidude cha intaneti nilikipakata mwenyewe kwenye gari la mizigo, nimekizungushia blanketi, dereva akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Kufika nikakichomeka, taa nyekundu, kesho yake nyekundu, siku ya nne ukaja ujumbe kwenye simu yangu, nikampa mwenzangu wa meza ya pasi anisomee, nikasingizia mikono ina maji. Ukasema mkataba umesitishwa kama nilivyoomba, kifaa chao nikirudishe ndani ya siku kumi na nne, na kwa kuwa muda haujaisha nitatozwa sehemu ya ile miezi iliyobaki. Yaani cha juu kilikuwa cha kukata, cha kuhamisha kilikuwa cha chini.

Mshauri, mtihani wa mwisho wa binti ni tarehe ishirini, anaufanyia nyumbani kwa kompyuta huku wanamwangalia kwa kamera, intaneti ikikatika naye amekatika mpaka mwaka ujao. Kila jioni ananiuliza, kila jioni namwambia mafundi wamezidiwa, naye ananiamini, analaani kampuni, juzi kaomba namba yao akawaseme, nikamwambia imefutika. Nimechanganyikiwa, sijui hata intaneti yenyewe inakaa wapi, kwenye kile kidude, kwenye ukuta au kwenye karatasi, sijui kama iliyokatwa huungwa, sijui nikirudi kwa yule dada nianzie wapi. Na Jumamosi asubuhi anakuja kijana wa kampuni nyingine, ana karatasi ya miezi ishirini na nne, anasema nikisaini tu siku mbili nimeunganishwa, mpole sana, ananiita mama mzazi. Nisaini yaishe, binti asijue kitu? Au nimwambie, aone aliyemlea ni mtu wa namna gani?

Mama Pasi

*

Mama Pasi, barua yako imeruka foleni ili jibu likufikie kabla ya Jumamosi. Pumua. Hujaua mtu, umeweka alama pasipo pake.

Lakini hizo jioni zako sizipendi. Kumwambia mwanao mafundi wamezidiwa kunampotezea siku, na siku ndizo asizo nazo. Angejua mapema angeshawauliza walimu wake kama wana chumba na kompyuta ya kufanyia mtihani hapo chuoni. Vyuo vingi huwa na njia kwa wasio na intaneti, ila ni kwa anayeomba mapema. Wewe umemfungia mlango huo kwa upendo, na mlango uliofungwa kwa upendo nao ni mlango uliofungwa. Mficha uchi hazai, mama.

Kwa hiyo mwambie leo, akirudi kazini, kabla hajavua viatu. Anza na ukweli wa miwani, wa fomu utafuata wenyewe. Unaogopa aone aliyemlea ni mtu wa namna gani. Ni yule aliyesimama kwenye pasi miaka kumi na saba mpaka mwanawe akafika kwenye ufamasia. Hilo analijua siku nyingi. Atanuna kidogo, mwache anune.

Kesho nendeni wawili kwenye dirisha lilelile, na ujumbe ule mkononi. Kidude msikirudishe bado, maadamu siku zenu kumi na nne hazijaisha. Uliuliza intaneti inakaa wapi: inapita ukutani, na ruhusa yake iko kwenye karatasi. Kidude ni bomba tu, ukihama na bomba kisima hukukibeba. Mwambie yule dada ulikuwa unahama, hukuwa unaondoka, na alama uliikosea. Omba ombi lako ligeuzwe liwe la kuhamisha na ile tozo ifutwe. Siwezi kukuahidi watakubali. Binti aulize kama waya wao unafika nyumba mpya, itachukua siku ngapi, na kama miezi yenu kumi na moja inabaki kumi na moja au inaanza upya, maana hapo ndipo wengi hunaswa. Kama hawafiki huko, muulize kwa nini ulipie wasichoweza kukupa. Majibu yaandikwe, na jina la aliyeyatoa.

Na hii aibu ya kusoma polepole, iache. Umeniandikia kurasa nne kwa mkono wako na sikukwama popote. Mkataba ndiyo karatasi inayotaka msomaji wa polepole. Wenye diploma huisaini mbio, nao wananiandikia kila wiki.

Huyo kijana wa Jumamosi umkaribishe, umpe maji. Akitoa karatasi mwambie aiache, wewe na binti mtaisoma, arudi Jumatatu. Akisema haiwezekani, msindikize hadi mlangoni. Karatasi isiyokubali kulala kwako siku mbili, usiikubalie miezi ishirini na nne.