Yeye Drili, Mimi Maji

Jumanne, 4 Machi
Mama kagongwa na pikipiki akivuka barabara. Muundi umevunjika, mfupa umechungulia nje. Madaktari wa mifupa zamu hii wawili tu: mimi na mdogo wangu. Nikamwinamia: Mama, nitakufunga vyuma mwenyewe. Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. "Malkia yuko wapi?"
Malkia! Kitindamimba. Karudi juzi tu masomoni na koti lake la pasi.
Haya. Yeye drili, mimi maji.

Jumatano, 5 Machi
Niandike nisije nikapasuka.
Jana Mama alichomwa sindano ya mgongo tu, kwa hiyo alikuwa macho, nyuma ya pazia, akimsifu mwanawe kwa muuguzi. Eti tangu mdogo ana mikono myepesi. Na hii yangu je, iliyomwogesha huyo Malkia?
Kazi yangu: kumwagia maji baridi ya chumvi pale drili inapoingia. Chuma kikizunguka mfupani bila maji, joto linapanda, na mfupa ukiungua hufa. Ukifa haushiki pini, vile vyuma vyembamba vya kuufunga. Mbili za kwanza ziliingia safi. Ya tatu, ncha ya drili ikawa butu, Malkia akaanza kukandamiza. Nikamwambia abadilishe. Hakuinua hata macho: "Dada, we mwaga maji tu, usinifundishe." Muuguzi akacheka chinichini.
Nikanuna. Bomba la sindano likaisha maji — sikuharakisha kulijaza. Kitambo kidogo tu! Moshi mwembamba ukapanda.
"Nani anaunguza nywele huko?" Mama huyo, nyuma ya pazia.
Nikamwaga. Nimeshachelewa.

Jumapili, 9 Machi
Wageni tele wodini. Malkia hivi, Malkia vile, kamponya mama yake. Shangazi kanikabidhi chupa ya chai nikaioshe.

Jumatatu, 31 Machi
Pini ya tatu inacheza kama jino la mtoto. Usaha. Kwenye eksirei kuna duara jeusi limeizunguka — mfupa uliokufa kwa joto.
Nilifurahi. Hapa hanisomi mtu: nilifurahi! Kisha wakaanza kusafisha kidonda, Mama akalia, furaha ikanitokea puani.

Jumanne, 1 Aprili
Mkuu wa idara katuita. Mfupa uliunguaje? Nilikuwa nimejiandaa: ncha butu, kakandamiza, alionywa. Yote kweli tupu.
Malkia akaniwahi. Eti kosa ni la mkono wake. Ncha aliijua butu, ila aliona haya kuibadilisha mbele ya dada yake. Mbele yangu mimi! Habari ya maji hakuitaja kabisa. Hakuona? Au aliona?
Mkuu akamsifu kwa kusema ukweli. Akamsifu! Hata kwenye kukosea kanipita. Nami habari ya maji nikatoka nayo mlangoni.

Alhamisi, 3 Aprili
Pini mbovu imetolewa. Kesho Mama anawekewa nyingine juu kidogo, kwenye mfupa mzima. Malkia mwenyewe kaomba: drili nishike mimi, yeye ashike maji. Mkuu kakubali. Nilichokitaka siku zote!
Nikaenda mbio kumwambia Mama. Nikakuta mtu kanitangulia. Malkia kapiga magoti kando ya kitanda, analia kwa kwikwi, anaomba radhi. Na Mama anampapasa kichwa, polepole, kama anabembeleza kichanga. Anamwambia hakuna mkono usiokosea.
Nikaganda mlangoni. Nikaona wivu — wivu wa kosa! Lile ni langu pia. Na mimi nipapaswe.
Mama akaniona. "Na wewe mkubwa wangu, mbona umesimama huko? Njoo."
Malkia akageuka, kamasi usoni, akanisogezea nafasi.
Nikasema nimesahau faili. Faili gani? Sasa nimekaa kwenye ngazi, naandikia gotini. Mlango wa wodi uko wazi, nasikia kila kitu. Mama anauliza: dada yako ana nini?
Malkia anapenga kamasi.
Mama anauliza tena.