Pete ya Padri Anselmi

Ijumaa, 29 Novemba 1974

Nimesema uongo kwa Kiingereza. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Mjomba hajui Kiingereza, na Bwana Larsi, Mzungu wa visima, Kiswahili chake kinaishia kwenye "maji" na "asante".

Ilikuwa hivi. Bwana Larsi alikuja kupima kisima cha kijiji. Akashika kamba ya ndoo, akaiona ile pete ya chuma tunayofungia ndoo – ile yenye kijimlango cha springi. Akaacha kupima! Akaisugua kwa kidole gumba mpaka herufi zikatokea, akapiga ukelele hadi Mwenyekiti Ismaili akadhani Mzungu ameumwa na nge. Pete ya nani? Watu wakamwonyesha mjomba Gaudensi. Nani anajua Kiingereza? Watu wakanionyesha mimi, eti nimemaliza Fomu Foo. Nilitamani kuingia kisimani.

Tukaenda nyumbani, sisi watatu tu. Bwana Larsi akaeleza kwamba pete ile ni ya kupandia miamba, ya zamani mno, na kwao kuna watu wanaokusanya vitu hivyo. Nikauliza: wanapanda navyo? Hapana! Wanaviweka kwenye kabati la kioo na kuviangalia. Kadiri kitu kisivyofaa tena, ndivyo bei inavyopanda! Nilimtafsiria mjomba kwa aibu, kama vile mimi ndiye niliyelitunga jambo hilo.

Mjomba akatoa sanduku lake. Nyundo ndogo. Misumari minene yenye matundu. Miwili zaidi mama aliipigilia jikoni, anatundikia nyungo. Bwana Larsi alipoiona alishika kichwa.

Akauliza mwenye vitu hivi alikuwa nani. Mjomba akasema Padri Anselmi, aliyekuwa akipanda miamba ya Masasi siku za mapumziko, naye mjomba, kijana wakati huo, akimbebea mizigo. Bwana Larsi akaruka kutoka kitini! Analijua jina hilo, limo katika vitabu vya wapanda miamba wa kwao. Ila hakuna anayejua alivyokufa. Je, mzee anajua?

Mjomba alivitazama viganja vyake. Kisha akaniambia taratibu, akiniita mama kama kawaida yake:

"Mwambie, mama. Kamba niliishika mimi. Nyuki wakatoka kwenye ufa wa mwamba, wakanivaa usoni. Akateleza. Kamba ikaniunguza mikono – nikaiachia."

Akaiachia! Miaka yote tumeambiwa makovu ya viganja vyake ni ya mafuta ya korosho. Na pete aliivua kiunoni mwa marehemu. Ndiyo maana alihama Masasi akaja huku Mahurunga, kusiko na hata jiwe la kukalia.

Bwana Larsi ananitazama, anangoja. Nikaona mawazoni polisi, pingu, mjomba kwenye Landrova. Mdomo wangu, ambao darasani haukufunguka hata nilipojua jibu, ukafunguka wenyewe. Nikamwambia mjomba anasema Padri alikuwa mtu mwema sana na alikufa kwa homa.

Bwana Larsi akainuka, akampa mjomba mkono. Mikono yote miwili.

Mjomba akalia.

Jumamosi, 30 Novemba

Mjomba amemaliza ugali wote na kukwangua sufuria. Mama anashangaa. Ameimba wimbo wa kanisani huku akikaanga korosho – sijawahi kumsikia akiimba!

Aliponiona peke yangu akasema, "Wale watu wana moyo, mama. Umemwambia mimi ndiye niliyemwachia ndugu yao, bado akanishika mikono."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 3 Desemba

Naandika haraka, mwandiko huu sijui nitausoma.

Bwana Larsi amerudi. Mjomba alikuwa kwenye korosho zake, basi mazungumzo yakafanyika kisimani mbele ya Mwenyekiti na kina mama wenye ndoo. Bwana Larsi anasema amempigia simu rafiki yake, mkusanyaji. Pete peke yake, bei ya baiskeli. Nikatafsiri, watu wakapiga vigelegele. Baiskeli kwa pete ya ndoo!

Kisha akaongeza – kwa masikitiko, lakini aliongeza – kwamba homa imeharibu. Kama Padri angekuwa ameanguka na pete hii mwilini, na kama yupo aliyeshuhudia, mkusanyaji angelipa bei ya pampu ya dizeli.

Pampu! Kwa sababu mtu amekufa nayo! Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nilipotafsiri, hakuna aliyepiga kigelegele. Halafu Bi Somoe, ambaye hana dogo, akasema, "Si aanguke basi! Marehemu atakuja kubisha?"

Kina mama wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Wewe binti, umeuliza vizuri? Homa gani hiyo inatunyima pampu?"

Nikasema nimeuliza vizuri.

Kisima kinatoa tope. Leo Bi Somoe mwenyewe alivuta ndoo akapata nusu, nyekundu kama chai. Wengine wanakwenda kufukua mchanga wa mtoni, na mamba wamo. Neno langu moja limekaa kati yao na maji. Nikilisema, wanapata pampu. Na mjomba je? Atajua kwamba ule mkono alipewa kwa ajili ya homa.

Ijumaa, 6 Desemba

Mwenyekiti amekuja kumtafuta mjomba. Nimesema ameenda Mikindani. Alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni! Mwenyekiti alisikia shoka. Akanitazama, akaondoka.

Jumapili, 8 Desemba

Naandika jikoni, nimekaa juu ya kinu. Wako barazani.

Bwana Larsi amekuja na sista mmoja mzee kutoka misheni ya bara, Sista Agnes. Kiswahili chake – kama cha mama yangu! Kumbe mama yake ni dada wa Padri Anselmi. Sista alikuja nchi hii akiwa msichana ili awe karibu na kaburi lake. Nyumbani kwao waliandikiwa tu kwamba amefariki.

Mjomba aliposikia hivyo akasimama. "Wewe ni mpwa wake?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mpwa wa tumbo moja?"

"Mtoto wa dada yake."

Mjomba akatoka bila kofia. Kwetu mpwa ndiye mrithi, hilo halihitaji kikao. Akaenda kisimani, akakata kamba kwa panga, ndoo ya kijiji ikatumbukia chini! Mwenyekiti akamkimbilia akipiga kelele, "Gaudensi! Hiyo ni pampu! Unakata pampu!" Mjomba hakugeuka. Akarudi, akapiga goti, akaiweka pete mkononi mwa Sista.

"Ni yako. Haiuzwi. Samahani nimechelewa."

Sista akaifumbata kiganjani. Mwenyekiti amekaa kwenye ngazi kama mtu aliyeibiwa.

Halafu mjomba akasema kwa sauti nyepesi kabisa, "Habari za siku ile bwana huyu anazo. Nilimweleza zote, na alinisamehe. Atakuambia."

Sista akamgeukia Bwana Larsi, akamwuliza kwa Kiingereza. Bwana Larsi akajibu neno moja.

"Homa?" akasema Sista.

"Homa gani?" akasema mjomba.

Wote wakanitazama. Nikasema naleta chai.

Maji yamechemka zamani. Uso wa mjomba nilipoondoka – sitaki kuuandika.

Sasa ananiita. Hapigi kelele. "Yustina. Njoo, mama. Njoo useme ulichomwambia."

Nakuja, mjomba.

Wewe karatasi, hujamwambia mtu mpaka sasa. Nitunzie siri hii kidogo tu, mpaka nifike barazani.