Mtoto Aliyeanguka Chumba cha Cherehani: Maelezo ya Shangazi Yake

Jina: limehifadhiwa, mtaani huitwa Mama Vifungo
Umri: miaka 54
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba moja na mtoto, chumba cha uani

Nimeonywa kuwa nikisema uongo nitashtakiwa. Basi naanza na jambo ambalo silipendi: mimi na wifi yangu hatuivi chungu kimoja, mtaa mzima unajua. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wifi hakumpiga mtoto.

Mtoto ni binti wa kaka yangu na huyo wifi, ana miaka saba, ana usonji, hasemi. Huchezesha vidole mbele ya macho, na kwetu ni sheria: akiwa kwenye zake, asisumbuliwe.

Leo, tarehe 9 mwezi huu, majira ya saa tisa alasiri, nilikuwa nashona sare za shule, wifi akipiga pasi. Mtoto alikaa kwenye stuli karibu yangu. Ghafla akakodolea ukuta macho, vidole vikasimama. Wifi akamwita. Kimya. Nikasema, "Mwache, yuko kwenye zake."

Akajibu, "Hizi si zake, wifi."

Akatikisa kopo la vifungo. Mtoto huyo hata awe usingizini, kopo lile likilia huamka. Hakugeuka. Mdomo ukavutika upande, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, akaanguka na kugonga shavu kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Jeraha mlilopiga picha ni hilo.

Wifi akamlaza ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, akawa anaangalia saa ya ukutani. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemfundisha, siku alipopeleka huko wasiwasi kuhusu mtoto kuganda hivi, wasiwasi ambao sisi nyumbani tuliucheka. Mimi nikakimbilia kijiko nimtie mdomoni asijing'ate ulimi. Wifi akanipiga mkono, kijiko kikaruka. Hofu na hasira zikanipanda, nikapiga kelele, "Unamuua mtoto!" Jirani aliyechungulia dirishani hakuwadanganya. Alimwona wifi amemwinamia mtoto na akasikia maneno hayo. Ila maneno ni yangu mimi.

Baada ya kama dakika tatu mtoto alilegea, akalala. Mkaja, mkamchukua wifi, mtoto akapelekwa hospitali. Kama ni kifafa au la, hilo aseme daktari. Lakini daktari anauliza vitu hivi vimeanza lini na vinakujaje, na anayejua mmemfungia. Mtoto akiamka akakuta sura ngeni hatakubali kuguswa na mtu. Naogopa, afande. Naogopa sana.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, nayakubali yote.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, askari wa zamu. Shahidi aliambiwa aende nyumbani, akakataa kutoka kwenye benchi bila wifi yake. Mtuhumiwa, aliyefikishwa kituoni bila viatu, ameachiwa saa moja jioni kwa dhamana ya shahidi ili awahi hospitali. Shahidi amempa kandambili zake, naye ametoka peku.